Muhuri wa Mfalme

Katika 1 Wafalme 21 Yezebeli aliandika barua kwa jina la Ahabu, akazitia muhuri wa mfalme, na Nabothi akapigwa mawe. Ahabu alikuwa kitandani, amenuna. Lakini jina lilikuwa lake.

Siku hizi laini ya simu husajiliwa kwa namba ya NIDA na alama ya kidole. Kidole ndicho muhuri wetu. Hapa Kariakoo, wakala akisema, "Mama, weka tena, haijasoma," tuulize kwanza. Huenda anasajili laini ya pili, ya tapeli, na polisi watagonga kwetu. Tubonyeze *106# tuone laini zilizosajiliwa kwa jina letu. Tusiyoitambua, kampuni ya simu iifute. Wala tusimsajilie mtu kwa huruma, hata awe mwanakwaya.