Deni la Bosambo

Nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza nililipwa shilingi 150,000 kuigiza mjane kwa siku mbili. Kazi ilikuwa ya shirika moja la misaada, na kijiji kilikuwa mwendo wa saa tatu kutoka Dar es Salaam. Niliambiwa video ingehusu kikundi cha akina mama wanaoweka na kukopeshana. Wanakikundi wenyewe waliketi nyuma yangu wakijaza picha, na mama mmoja aliniazima khanga yake kwa sababu ile niliyokuja nayo ilikuwa mpya mno. Niliigiza nikihesabu fedha za sandukuni, nikakosea, nikacheka, tukacheka wote.

Video ilipotoka, kicheko hakikuwemo. Kilichobaki ni mimi nimekaa mlangoni natazama chini, picha iliyochukuliwa tukisubiri wingu lipite. Juu yake sauti ya Kiingereza ilieleza kwamba mama huyu na majirani zake hawajala tangu jana. Baada ya wiki mbili mama wa khanga alinipigia simu. Hakufoka.

“Mwanangu, kwani sisi tulikwambia tuna njaa?”

“Mama, hata mimi wamenidanganya,” nikamjibu.

Akanyamaza, kisha akaniaga vizuri. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama jibu langu lilikuwa jibu.

Sasa nasoma shahada ya uzamili katika sanaa za maonyesho, na swali hilo limenikuta tena maktabani, katika maisha ya Paul Robeson. Alizaliwa Princeton, New Jersey, mwaka 1898. Baba yake alikuwa mchungaji aliyetoroka utumwani akiwa kijana. Robeson alisoma chuo cha Rutgers, akang'ara katika masomo na katika mpira wa Kimarekani, kisha akahitimu sheria Columbia mwaka 1923. Sheria aliiacha mapema, baada ya karani mmoja wa ofisini kukataa kuandika maneno anayotajiwa na mtu mweusi. Jukwaa likampokea. Mwaka 1930 alicheza Othello jijini London, na mwaka 1943 akaicheza tena Broadway, mara 296, idadi ambayo hakuna tamthilia ya Shakespeare iliyokuwa imeifikia pale.

Katikati ya Othello hizo mbili ipo filamu aliyoijutia, *Sanders of the River*, ya mwaka 1935. Miaka hiyo Robeson aliishi London na alikuwa akijifunza lugha za Kiafrika chuoni, Kiswahili kikiwemo. Ndugu wawili, Alexander na Zoltan Korda, mmoja mtayarishaji na mwingine mwongozaji, walimpa nafasi ya Bosambo, chifu wa Afrika Magharibi. Zoltan alikuwa amerudi kutoka Afrika na picha halisi za ngoma na nyimbo, na Robeson alivutwa nazo. Aliamini kwamba kwa mara ya kwanza watazamaji wa Ulaya wangeuona utamaduni wa Kiafrika ukiwa na heshima yake.

Filamu iliyotoka ilimsifu Sanders, mtawala Mwingereza anayewatuliza Waafrika kama mwalimu anavyotuliza darasa. Anapokwenda likizo machifu wanaanza kupigana. Anaporudi amani inarudi naye. Bosambo ni mtumishi wake mwaminifu, amevaa ngozi ya chui na anaimba kwa sauti nzito ya Robeson. Robeson alieleza baadaye kwamba mwelekeo wa kusifu ukoloni uliingizwa mwishoni mwa upigaji picha. Marcus Garvey, ambaye naye alikuwa London, alimshambulia kwa maandishi kwa kukubali nafasi za namna hiyo. Inasimuliwa kwamba Robeson alijaribu kununua nakala zote za filamu ili isionyeshwe tena, akashindwa.

Nilipofika hapo mara ya kwanza nilifurahi. Nilikuwa nimepata wakili mkubwa: kama mtu wa akili ile, mwenye shahada ya sheria, alidanganywa, mimi wa shilingi 150,000 ni nani?

Furaha hiyo haikudumu, kwa sababu filamu ilitokana na hadithi za Edgar Wallace. Hizo hazikuwa siri. Zilikuwa zimechapishwa kwa miaka mingi, na ndani yake Sanders ni yuleyule, mtawala anayejua linalowafaa Waafrika kuliko wao. Jina lenyewe la filamu lilitaja mto na mwenye mto, na mwenye mto hakuwa Bosambo. Siamini kwamba Robeson alisema uongo. Naamini alizipenda zile ngoma kiasi cha kutotaka kuuliza zitawekwa wapi. Anayedanganywa mara nyingi ana mchango wake mdogo: pale mahali ambapo angeweza kuuliza, akaona heri asiulize.

Mchango wangu naujua. Siku ya pili mwongozaji aliniambia, “Sasa usicheke.” Nikaacha kucheka. Sikuuliza kwa nini, maana malipo yalikuwa hayajatolewa.

Wapo watakaosema mwigizaji hana kosa. Yeye ni chombo tu. Aliyeandika, aliyeongoza na aliyehariri ndio wa kuulizwa. Hoja hii ina uzito. Miongoni mwa Waafrika waliojaza picha katika filamu ile alikuwemo Jomo Kenyatta, mwanafunzi aliyekuwa akihangaikia riziki London. Sijawahi kusikia mtu akidai Kenyatta aitolee maelezo, na nadhani ni haki. Alisimama nyuma, akalipwa ujira wake, na filamu ingekuwa ileile bila yeye. Lakini bila Robeson isingekuwa ileile. Sauti yake na jina lake ndivyo vilivyomfanya mtazamaji auamini uongo ule kwa urahisi. Kadiri uso wako unavyoifanya kazi iaminike, ndivyo sehemu yako ya deni inavyokua. Wale akina mama nyuma yangu hawakuwa na deni. Walikuwa wakidai.

Basi deni kama hilo hulipwaje? Jukwaa lina namna yake. Mwigizaji akikosea leo, kesho usiku pazia hufunguliwa tena. Robeson alikiri kwamba katika Othello ya mwaka 1930 aliogopa hata kumsogelea Peggy Ashcroft, mwigizaji mweupe aliyecheza Desdemona. Mwaka 1943 alicheza kama mtu asiyeomba ruhusa. Wimbo “Ol' Man River”, ambao watu hawakuchoka kumtaka auimbe, aliubadilisha maneno mwaka hadi mwaka, mpaka mlalamikaji aliyechoka akawa mtu anayepambana. Wimbo uleule, mdomo uleule, na kila tamasha likawa nafasi ya kusahihisha.

Filamu haikupi kesho usiku. Bosambo wa 1935 ataimba vilevile leo mtu akimfungua kwenye simu yake. Kwa hiyo anayejuta filamu hana pa kusahihisha isipokuwa katika kazi inayofuata. Robeson alilijaribu hilo. Katika *Song of Freedom* ya mwaka 1936 alidai kwenye mkataba haki ya kuidhinisha uhariri wa mwisho. Mwaka 1940 alicheza *The Proud Valley*, akiwa mfanyakazi miongoni mwa wachimba makaa wa Wales. Halafu akateleza tena: *Tales of Manhattan*, mwaka 1942, ilimwonyesha mkulima maskini wa Kusini mwa Marekani kwa namna ileile ya zamani. Safari hii alisema hadharani kwamba angejiunga na watu watakaoipinga milangoni mwa majumba ya sinema, na hakuigiza tena Hollywood.

Sitaki kumfanya malaika. Serikali ya Marekani ilimnyang'anya pasipoti kuanzia 1950 hadi 1958 kwa sababu ya siasa zake, na gharama hiyo aliilipa bila kuomba radhi. Lakini mwaka 1949 alikutana Moscow na mshairi wa Kiyahudi Itzik Feffer, aliyekuwa mfungwa, na kwa mujibu wa mwanawe Robeson alielewa hatari iliyokuwa ikimkabili rafiki yake. Kwenye tamasha alimtaja, akaimba wimbo wa wapiganaji wa Kiyahudi. Aliporudi nyumbani hakusema hadharani alichokijua. Feffer aliuawa mwaka 1952. Kumbe mtu anaweza kujifunza kuuliza maswali ya London na bado asiulize ya Moscow. Kujuta kosa moja hakukukingi na jingine. Kila mahali unapoona heri usiulize ni mtihani mpya.

Nimeliandikia lile shirika mara mbili nikiomba video iondolewe. Sijajibiwa. Sasa nikiitwa kuigiza naomba kuona kazi kabla haijatoka, na kazi mbili nimezikosa kwa ombi hilo. Kodi ya chumba haijui maadili, kwa hiyo sijisifu.

Mwezi uliopita nilikwenda kijijini. Kikundi kilikuwa kinakutana chini ya mwembe, sanduku katikati. Nikawaamkia, nikaomba nafasi ya kusema. Niliwaeleza kwamba nilidanganywa, kisha nikawaeleza lile ambalo sikulisema kwenye simu: kwamba niliambiwa nisicheke, na nikatii. Mwenyekiti alinishukuru kwa nauli yangu. Wengine waliendelea kuhesabu hisa. Mama wa khanga aliipokea khanga yake, akaikunjua, akaitazama kama imepata tundu.

“Na ile video,” akaniuliza, “bado ipo?”

“Bado ipo, Mama.”

Akaikunja tena, akaiweka mapajani, akanisogezea kigoda.