Ningetafuta Kiraka

Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya likasema ni kipande cha roketi. Lakini hakuhitajika mtaalamu kujua kwamba hilo si jiwe. Hapo ndipo swali langu lilipo: tunajuaje? Na kama kingetoka kwa walimwengu wa sayari nyingine, tungekitambua?

Hapa Mowlem, jirani na jaa la Dandora, swali hili lina mabingwa wake. Mnunuzi wa vyuma chakavu hukigonga kipande, akasikiliza mlio, akapitisha kidole kwenye tundu za boliti, kisha akakwambia: hiki kilikuwa cha kinu cha posho. Anachosoma ni haja ya aliyekitengeneza, na anaisoma kwa kuwa yeye pia hula ugali.

Huko Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, mwaka 2011 yaligunduliwa mawe yaliyochongwa miaka milioni 3.3 iliyopita. Mchongaji hajulikani, hakuwa binadamu kama sisi. Ila alikuwa na mkono, na alikuwa na cha kukata au kuponda. Kiumbe wa nyota za mbali huenda hana mkono, wala njaa tunayoijua.

Wengi hudai kwamba mpangilio ndio dalili ya akili. Sikubali. Mwaka 1967 mwanaastronomia Jocelyn Bell alinasa mawimbi ya redio yaliyodunda kila baada ya sekunde 1.3, bila kukosea; kwa utani yakaitwa vijitu vya kijani, kana kwamba walimwengu hao wanaita. Kumbe yalitoka kwenye masalio ya nyota iliyokufa, yanayojizungukia tu.

Mimi ningetafuta kiraka. Tazama sufuria kuukuu iliyotoboka: fundi ameziba tundu kwa kipande cha bati la rangi nyingine, akakipigia ribiti. Utasema mti nao huziba jeraha lake. Kweli, lakini kwa utomvu wake wenyewe. Kiraka hutoka kwingine. Kinaonyesha kwamba kitu kiliharibika na kuna aliyetaka kiendelee na kazi, hata kama kazi yenyewe hatuielewi. Wanaonitatiza ni walimwengu wasiotengeneza kitu kikiharibika, wanaotupa na kuunda kipya. Hao tunaweza kuyapita mabaki yao tukidhani ni mawe.