Kula na Kurudisha

Swali ambalo nataka tulifikiri mwezi huu ni hili: Je, mtu asiyeiba mali ya jirani yake, wala kumpunja mwenziwe sokoni, aweza kuhesabiwa kuwa mdhalimu? Wengi watajibu upesi kwamba hawezi, maana asiyeiba hana deni. Lakini iko dhuluma nyingine isiyo na mshitaki wala baraza la kuihukumu, nayo ni ya mtu achukuaye asirudishe. Ili tuielewe vema, na tuwaendee walimu wadogo kabisa wakaao katika maji ya ziwa letu. Sulemani alimtuma mvivu kwa chungu akajifunze; sisi tukaao Busisi, penye maji mbele yetu kila asubuhi, twaweza kutumwa kwa viumbe wadogo kuliko chungu.

Chota maji ya ziwa kwa bilauri safi, uyainue juani. Huenda ukaona vitone vyeupe vikirukaruka ndani yake. Hivyo si takataka, ni wanyama. Wengi wao urefu wao haufiki milimeta 1, lakini wana miguu na papasi, na baadhi ya majike hubeba mayai yao katika vifuko viwili, kimoja kila upande, kama mama atokaye sokoni na vikapu viwili. Wataalamu huwaita zuplanktoni, jina lililotoka katika Kiyunani, maana yake wanyama watangatangao, kwa kuwa hawana nguvu za kushindana na mkondo wa maji. Wengi wao hula mwani mdogo sana, ule uyapao maji rangi ya kijani.

Sasa tazameni kazi yao. Mwani ni kama majani ya porini. Wahitaji mwanga wa jua, tena wahitaji rutuba ile ile ikuzayo mtama na pamba, yaani fosforasi na naitrojeni. Kama mwani ungeichukua rutuba yote na kukaa nayo, maji ya juu yangekuwa kama shamba lililochoka. Hapo ndipo mnyama huyu mdogo anapoingia. Hula mwani, hujenga mwili wake kwa sehemu moja, na sehemu nyingine huitoa katika mkojo wake, nayo huyeyuka majini papo hapo, ikapokewa na mwani mwingine. Mavi yake huzama polepole. Mengine huoza njiani, mengine hufika chini kwenye tope. Naye mwenyewe huliwa na dagaa, na dagaa huliwa na sangara, na ndege, na sisi.

Mambo kama hayo hutendeka hata katika bahari kuu. Katika Bahari ya Hindi, jua likishatua, wanyama wadogo wasiohesabika hupanda kutoka vilindini wakala juu, na alfajiri hushuka tena, wakichukua chakula mpaka mahali pasipofika mwanga. Hapa kwetu twaona mfano wake katika wale vijidudu ambao mawingu yao husimama juu ya ziwa kama moshi. Wako miongoni mwao ambao, wakiwa bado wachanga, hujificha katika tope mchana, na usiku hupanda kuwinda. Wakishakomaa huota mabawa, upepo huwaleta nchi kavu, ndege na kuku wakashiba. Hivyo hata ziwa nalo lairudishia nchi kavu sehemu ya kile lilichopokea.

Basi rutuba ya ziwa hupita mkono kwa mkono, wala hakuna akaaye nayo milele. Kila mmoja amepewa kula, na kila mmoja hutoa.

Hapa msomaji mwenye busara atanipinga, naye ana haki. Atasema: “Mwalimu, kijidudu hicho hakina wema. Hakirudishi kwa kupenda, chatoa kwa sababu ya maumbile yake. Wawezaje kutufundisha haki kwa mnyama asiyejua haki?” Ni kweli. Wala sisemi kwamba ana thawabu. Nasema kwamba atuonyesha jinsi nyumba ya Mungu ilivyopangwa. Yeye hana njia ya kuuvunja mpango huo, mwanadamu anayo. Mwanadamu aweza kuzuia asichopaswa kuzuia, na kumwaga mahali pasipostahili. Ndiyo sababu yeye peke yake aweza kuitwa mwenye haki au mdhalimu. Alifanyalo mnyama bila kujua, sisi tumepewa akili ili tulifanye kwa kujua.

Je, twalifanya? Ziwa lenyewe litajibu. Tangu miaka ya 1960 wachunguzi wameona kwamba mwani wa Ziwa Viktoria umeongezeka mara nyingi. Na mwani ulioshika nafasi kubwa ni ule wa samawati na kijani, ambao hufanya utando kama rangi iliyomwagwa majini. Mwani huu aghalabu huungana minyororo na mabonge, na aina nyingine zina sumu, hata wanyama wetu wadogo wapata taabu kuula. Furu wa namna nyingi, ambao baadhi yao walikula mwani na vijidudu, walipungua mno katika miaka ya 1980, baada ya kuongezeka kwa sangara aliyeletwa katika ziwa hili kati ya miaka ya 1950 na 1960. Mwani usioliwa hufa, huzama, huoza; na katika kuoza kwake humaliza hewa iliyomo majini. Ndipo samaki walio vilindini hukosa pumzi. Hata magugu maji, yaliyoziba bandari na miale ya mitumbwi katika miaka ya 1990, yalinenepa kwa rutuba hiyo hiyo iliyozidi.

Nayo ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka juu ya nchi kavu. Mito ya Kagera, Mara na Simiyu huleta udongo wa mashamba. Miji mikubwa ya kandokando huleta maji ya vyoo na ya sabuni. Tena iko njia moja ambayo wengi hawaidhani: moshi wa mapori yachomwayo moto, na vumbi la mashamba yaliyo uchi, hupanda angani, kisha huanguka ziwani pamoja na mvua, ukiwa na fosforasi ndani yake.

Fikirini neno hili, ndugu zangu. Shamba lina njaa, na ziwa limevimbiwa. Mkulima huenda dukani akanunua mbolea kwa fedha, na huku ile aliyopewa bure ilipita mbele ya mlango wake na maji ya mvua ya jana. Tulichukua mavuno shambani, wala hatukulirudishia shamba. Tukavimwaga ziwani vile vilivyokuwa haki ya shamba. Mtu aliyekopa kwa Yohana, akaenda kumlipa Petro, hajalipa deni lake. Kurudisha si kutupa. Kijidudu hutoa kile kile alichokula, mahali pale pale alipokula, kwa kipimo cha mwili wake. Hayo ndiyo mambo matatu yaliyotushinda.

Mwingine atasema: “Mimi ni mtu mmoja, mwenye shamba moja. Ziwa hili lina kilometa za mraba 68,800, na nchi tatu zimelizunguka. Nikikinga udongo wangu, litapona?” Sitamdanganya. Halitapona kwa ajili yake peke yake. Lakini aliyekopa shilingi moja kwa tajiri ana deni, ijapokuwa tajiri hataona tofauti akilipwa. Haki haipimwi kwa ukubwa wa matokeo tu. Na zaidi ya hayo, yeye asiye na urefu wa milimeta 1 hulisha ziwa zima, si kwa kuwa mmoja wao ana nguvu, bali kwa kuwa hakuna hata mmoja aachaye kazi.

Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, mtu huvuka ghuba kwa dakika chache, pengine asiyatazame maji hata kidogo. Kwa hiyo yatupasa kuyakumbuka kwa makusudi. Tupige matuta ya kukingama mteremko, ili udongo usishuke. Samadi ya zizini irudi shambani. Mafunjo ya ukingoni tuyaache, maana ndiyo yachujayo maji; na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu za wanadamu katika meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Pori tusilichome ovyo. Choo kiwe mbali na maji, na nguo tuzifulie juu, si ndani ya ziwa. Nao wavuvi wa dagaa waache nyavu zinazokomba hata watoto wa samaki, maana huko ni kuchukua leo chakula cha mwaka kesho.

Nani basi tunayemdai kuwa ndiye mdai wetu? Ni jirani ambaye hajazaliwa bado. Hawezi kuja barazani, wala hana sauti ya kudai. Lakini Muumba wa kijidudu na wa mtoto huyo amesikia hesabu yote, na ndiye atakayetuuliza, si kwamba tulikula nini, bali kwamba tulirudisha wapi.