Majani Yasiyo Yetu



Mwezi huu wa Mei, bustani nyingi za hapa Yorkshire zimejaa rubabi. Wenyeji huipika kama tunda, ingawa kwa asili ni mboga: vikonyo virefu vyekundu, vichachu hasa, havilainiki mdomoni bila sukari. Mimi huongeza tangawizi.

Sisi tuliotoka Kongo na Tanzania, jicho letu huenda kwanza kwenye majani. Ni mapana, yamenona, yanaomba karanga na nazi. Tena tumelelewa kwa kisamvu, ambacho kibichi kina sumu, lakini mama akishakitwanga na kukichemsha sawasawa, tunakula. Majani ya rubabi hayana dawa ya namna hiyo. Yana asidi ya oksaliki, na kuyapika hakuyafanyi salama. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, chakula kilipoadimika, Waingereza walishauriwa kuyala kama mboga. Wapo waliougua, hata kufa.

Lakini majani hayo hayo ndiyo yanayoulisha mzizi, ukavuka baridi na kuchipua tena. Kwa hiyo mwaka wa kwanza mkulima havuni kitu. Wa pili huchukua vikonyo vichache. Hata baadaye, ikifika mwisho wa Juni au Julai, huacha kuvuna, na mmea bado umestawi.

Mambo ya Walawi 19 inaagiza pembe za shamba waachiwe maskini na mgeni. Hilo tunalihubiri sana, na ni haki. Mbele kidogo inataja miti ya matunda: miaka mitatu msile, wa nne ni wa Bwana, wa tano mle. Sasa, matunda ya miaka ile mitatu ni ya nani? Si ya mwenye shamba. Maskini hatajwi, wala kuhani. Yanaachwa tu.

Kwetu sisi wa zamu mbili, wenye simu za nyumbani zinazosubiri pesa, hilo ni gumu. Siku ya mapumziko ikipatikana, tayari ina mwenyewe. Nani kati yetu ana jioni moja isiyodaiwa na mtu?

Jumapili baada ya ibada tutakula rubabi na kastadi ukumbini. Mnaoleta za bustanini, msitumie kisu: shikeni kikonyo chini kabisa, mkizungushe kidogo, mvute. Acheni angalau nusu. Majani mliyoondoa yatupeni kwenye mboji. Huko hayana madhara.