Ploti Hiyo ni ya Nani?

Wapendwa, mwalimu wa Lodwar au mfanyakazi wa shirika kule Kakuma anayetafuta ploti ajenge nyumba za kupangisha hatendi dhambi. Mshahara una mwisho, na wapangaji wapo. Shida ni muda. Yuko kazini Jumatatu hadi Ijumaa, basi anamwachia broka kila kitu: anaona picha kwa simu, anachukua mkopo, anatuma pesa. Jumamosi anapeleka seng'enge.

Lakini sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ya jamii. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, ile isiyosajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya jamii, na hata kaunti yenyewe hairuhusiwi kuiuza. Sasa mzee mmoja akikuuzia, amekuuzia nini? Na yule anayelisha mbuzi hapo huenda yuko mbali. Akirudi atakuta ua.

Utasema, "Si nililipa bei nzuri?" Hata Ahabu alimwahidi Nabothi bei nzuri (1 Wafalme 21). Nabothi alikataa kwa sababu shamba lilikuwa urithi wa baba zake, halikuwa lake peke yake.

Kwa hiyo omba likizo, hata siku mbili tu. Nenda ofisi ya ardhi Lodwar uulize ploti hiyo imesajiliwa kwa jina la nani. Halafu keti chini ya mti na majirani, akina mama wakiwemo, uulize ni nani hupitisha mifugo hapo. Broka atakuambia kuna mteja mwingine amesimama na pesa. Mwambie bado unauliza.