Ukubwa wa Mji na Haki ya Aliye Mbali

Mtu akaaye Nyarero, katika milima ya Tarime, akalima mahindi na kahawa na kuitunza migomba yake, hahitaji kusafiri ili aujue mji wenye ukubwa duniani, maana mji wa namna hiyo humfikia yeye kabla yeye hajaufikia. Dhahabu ichimbwayo Nyamongo, katika wilaya hiyohiyo, haipati thamani yake Tarime wala Musoma. Tangu mwaka 1919 bei ya madini hayo imekuwa ikitajwa London, mji usio na mgodi hata mmoja wa dhahabu. Wengi husema kwamba hapo ndipo ukubwa ulipo, yaani katika mamlaka ya kukitia thamani kitu kilichotoka katika jasho la wengine. Mimi siafikiani nao. Hiyo ni nguvu, na nguvu si adhama.

Katika mwambao wetu Kilwa iliwahi kuwa na nguvu kama hiyo, ilipokuwa ikitajirika kwa dhahabu ya Sofala. Ibn Battuta, aliyefika huko mwaka 1331, aliusifu uzuri wa mji na ukarimu wa sultani wake, al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa lakabu ya Abul Mawahib kwa wingi wa zawadi alizozitoa, akasimulia jinsi fakiri kutoka Yemen alivyomwomba mavazi yaleyale aliyoyavaa, naye akampa. Ukarimu ule siudharau hata kidogo, kwani ni wafalme wachache wawezao kuvua kanzu zao kwa ajili ya maskini. Lakini msafiri huyohuyo ameandika kwamba sultani yule alikuwa akizishambulia nchi za Wazanji na kuteka ghanima. Fakiri alisikilizwa kwa sababu alifika mbele ya sultani. Waliotekwa mali zao hawakuwa na mlango wa kubisha. Wareno walipoupora mji mwaka 1505, zama za utukufu ule zilikuwa ukingoni.

Mali na amri ni amana ya Mwenyezi Mungu, na mwenye amana ataulizwa juu yake. Ibn Khaldun, katika Mukadima aliyoiandika mwaka 1377, alifundisha kwamba maisha ya mashamba na nyika yaliitangulia miji, na kwamba miji ilitokana nayo. Basi mji unawiwa na watu wa nje yake deni la mtoto kwa mzazi. Kwa hiyo swali langu juu ya kila mji ni hili: je, mtu asiyekaa ndani yake, naye ameguswa na amri zake, aweza kuusemesha akajibiwa?

Mwaka 2013 wanavijiji wa pande za Nyamongo walipeleka shauri London, katika mahakama kuu, wakidai kwamba ndugu zao waliuawa na wengine kujeruhiwa kwa risasi mgodini. Mwaka 2015 likamalizwa kwa suluhu, pasipo hukumu ya hakimu. Kwa kuwafungulia mlango wale, London iliukaribia ukubwa kuliko kwa miaka yote ya kutaja bei. Hata hivyo, haki itafutwayo ng'ambo, kwa lugha ngeni na mawakili wa mbali, itawafikia wachache sana.

Ndiyo maana moyo wangu huelekea Arusha, ilipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu tangu mwaka 2007. Mahakama hiyo, mwaka 2017, iliwapa haki Waogiek wa msitu wa Mau dhidi ya dola ya Kenya; na kutoka Mau ndiko hutiririka mto Mara, upitao Serengeti na Tarime ukielekea ziwani. Mwaka 2010 Tanzania ilitoa tamko la kuwaruhusu raia kuifikia mahakama hiyo kwa nafsi zao, wakaifikia kwa wingi, wafungwa wengi miongoni mwao. Mwezi Novemba 2019 Tanzania ikaliondoa tamko hilo. Kwa kitendo hicho Arusha imepungua ukubwa kuliko ambavyo ingepungua kwa kuondokewa na watalii wake wote, nami natamani kwa dhati tamko lile lirudishwe, ili mwenye dhuluma yake Nyarero apate tena pa kuifikisha.