Anayerudi Kila Asubuhi

Sisi tunaosali katikati ya jiji, jirani na Kariakoo, tunamfahamu kijana huyu ingawa jina lake hatulijui. Ibada ya Jumapili ikimalizika, yuko karibu na geti, anasinzia akiwa amesimama, kiganja kimekinga. Tunamwita teja. Tunabana pochi kwapani, tunawashika watoto mkono, tunapita. Nyaya za vipaza sauti zilipoibwa kanisani, tulikubaliana geti lifungwe mara tu watu wakitoka. Hakuna aliyepinga.

Wapendwa, tujiulize basi: je, ni haki kutumia fedha za wengi kumtibu mtu ambaye tunaamini shida yake kaitafuta mwenyewe, na ambaye kesho huenda akaanguka tena?

Tusiwadharau wanaojibu hapana. Wamo mama aliyeuziwa vyombo vyake na mwanawe, na mfanyabiashara wa Mtaa wa Kongo aliyeibiwa mtaji. Machungu yao ni ya kweli. Lakini kabla hatujahukumu, tuwasikilize waliokwenda maskani kwa vijana hawa, wakakaa nao na kuwahesabu.

Heroini huingia kwetu kwa njia ya Bahari ya Hindi, na katika miaka ya 2000 kujidunga sindano kulikuwa kumeenea Dar es Salaam. Watafiti waliofanya kazi Kinondoni walikuta takribani watu 4 kati ya 10 wanaojidunga wana VVU, wakati kwa watu wazima nchini walikuwa takribani 6 kati ya 100. Kwa wanawake hali ilikuwa mbaya zaidi. Tena iligundulika kwamba mwanamke aliyekwisha kujidunga aliweza kuvuta damu yake kwenye bomba la sindano na kumpa mwenzake asiye na fedha ya kete, kwa imani kwamba damu hiyo ingempunguzia arosto.

Habari hii inatisha. Lakini tuitazame vizuri: alimwona mwenzake akitetemeka na kutapika, akampa alichokuwa nacho. Upendo kwa jirani ulikuwepo hata pale maskani. Ulileta kifo kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyeleta kitu bora.

Kitu bora kilikuja Februari 2011, Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilipoanza kutoa methadoni, ikiwa huduma ya kwanza ya umma ya aina hiyo katika bara la Afrika kusini mwa Sahara. Baadaye zikafuata Mwananyamala na Temeke. Mgonjwa hunywa dawa hiyo ya maji mbele ya mhudumu, bila malipo. Huzuia arosto, na asiye na arosto hana sababu ya kuamka akitafuta cha kuiba. Lakini nguvu yake huisha, kwa hiyo lazima arudi kesho, na kesho kutwa. Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili anaweza kutembea. Anayetoka mbali anahitaji nauli ya kwenda na kurudi, kila siku.

Wengine husema huko ni kubadilisha ulevi kwa ulevi. Lakini mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini kila siku hatumwiti mlevi wa insulini. Tunashukuru kwamba amekwenda kazini.

Ni kweli, si wote wanaodumu. Waliofuatilia wagonjwa wa Muhimbili waliona kwamba waliowahi kudhalilishwa kingono walikuwa katika hatari zaidi ya kuacha dawa. Pengine tunachokiita uvivu au ukaidi ni jeraha la zamani ambalo hatukuliuliza.

Msamaria katika mfano wa Bwana hakumhoji majeruhi kwa nini alipita njia ile ya hatari. Na hakuishia kumfunga vidonda. Alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha, akaahidi kwamba gharama ikizidi atailipa atakaporudi. Hakuweka kikomo. Mara nyingi tunahubiri huruma yake ya barabarani na kuisahau ahadi hii, nayo ndiyo inayofanana na sera ya afya: mtu kukubali mapema kulipia siku ambazo hajaziona, kwa ajili ya mgonjwa asiyejua kama atapona.

Kwa hiyo jibu letu ni ndiyo, ni haki. Anayeanguka mara nyingi huhitaji mlango unaofunguliwa mara nyingi. Na sisi tuna sehemu yetu. Tunaweza kutenga sadaka ya nauli. Tunaweza kuacha geti wazi nusu saa, mzee mmoja akae pale na kijana yule, amuulize jina. Ili asipoonekana siku mbili, awepo mtu wa kuuliza yuko wapi.